Ukombozi Hauuzwi Mara ya Pili: Tahakiki ya Neno Moja katika Mahubiri ya Pwani ya Mtwara

Miongoni mwa maneno ambayo Biblia ya Kiswahili imeyabebesha mafundisho mazito, neno "ukombozi" ni mojawapo ya yale ya mbele. Katika Warumi 3:24, kama ilivyo katika Biblia ya mwaka 1952 inayosomwa katika makanisa yetu, neno hilo limesimama katika sentensi moja na neno "bure". Tunakusudia kupima jinsi linavyotumika leo mimbarani na katika mikutano ya hadhara, nasi tumechagua kulipima mahali ambapo historia yake iko wazi, yaani pwani ya kusini, kutoka Lindi hadi Mikindani, Mtwara na mdomo wa mto Ruvuma. Hoja yetu ni kwamba mahubiri yanayomdai msikilizaji alipie ukombozi wake yameligeuza neno hilo, na pamoja nalo yameligeuza fundisho la kuhesabiwa haki.

Tuanze na lugha yenyewe. Mtu hukomboa kile kilichowekwa rehani. Mkulima wa korosho wa Mtwara analijua jambo hili bila kufundishwa, kwa maana anaijua biashara ya kangomba, ambayo mnunuzi humpa mkulima fedha kabla ya mavuno, kisha huichukua korosho kwa bei ya chini. Kwake yeye, kukomboa kuna gharama, na gharama hiyo hutoka mfukoni mwa mwenye shida. Kitenzi chenyewe hakitaji mlipaji. Mlipaji hutajwa na Injili, na mhubiri asipomtaja, msikilizaji atajidhania kuwa ndiye.

Pwani hii iliwahi kuona ukombozi wa namna mbili. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa ilishukia Kilwa, Lindi na Mikindani. Baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliwaongoza watu waliookolewa utumwani kwenda bara, na mwaka 1876 wakaanzisha makazi Masasi. Steere huyo ndiye aliyesimamia tafsiri ya Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Kwa hiyo mfasiri aliyetafuta maneno ya wokovu aliishi na watu ambao kufunguliwa kwao hakukuwa mfano wa mahubiri tu. Watu hao hawakujinunua. Walitolewa mikononi mwa wenye nguvu na mwenye nguvu mwingine. Lakini mwaka 1882, mwaka uleule aliofariki Steere, Wangoni waliitwao Wamagwangwara waliivamia Masasi na kuchukua mateka. Uhuru uliotolewa na wanadamu ulionekana kuwa unaweza kunyang'anywa.

Namna ya pili ililetwa na sheria. Serikali ya Wajerumani haikuufuta utumwa mara moja. Kwa amri ya mwaka 1901 ilimruhusu mtumwa kulipa fedha ili ajitoe chini ya bwana wake. Huko kulikuwa kujikomboa kwa maana kamili ya neno, kwa kuwa mwenye kufungwa ndiye aliyetafuta bei yake mwenyewe. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Sasa tutazame mikutano inayotangazwa kuwa ya ukombozi, ambayo leo imeenea mijini na vijijini. Haki itendeke kwanza. Wahubiri wake wanaijua hofu ya watu. Mama mwenye mtoto mgonjwa, anayeamini kwamba jirani amemroga, husikilizwa pale, wakati mahubiri yetu mara nyingi humweleza ibara za Ungamo la Augsburg na kumwacha arudi nyumbani na hofu yake. Kumwombea mgonjwa ni agizo la kitume (Yakobo 5:14), wala hatuna sababu ya kulionea haya.

Kasoro iko katika mwelekeo wa malipo. Mama huyo anapoambiwa kwamba kifungo chake hakitafunguka mpaka atoe "sadaka ya ukombozi", au mpaka anunue mafuta au maji yaliyoombewa, amerudishwa kwenye amri ya 1901: atafute bei yake mwenyewe. Jambo hili ndilo lililomsukuma Luther mwaka 1517 kupinga uuzaji wa vyeti vya rehema. Isaya 52:3 inakanusha kuwepo kwa fedha katika ukombozi wa Mungu, na 1 Petro 1:18-19 inaitaja fedha na dhahabu ili kuziondoa na kuiweka mahali pake damu ya Kristo. Katekisimo Ndogo ya 1529, katika maelezo ya sehemu ya pili ya Imani, yafuata njia hiyohiyo.

Hapo jirani Mwislamu, ambaye ni wengi katika pwani hiyo, huuliza swali la haki: ikiwa Mungu ni mwenye kusamehe, kwa nini alipwe? Mababa wa Kanisa walilijua swali hilo. Origen alielekea kusema kwamba fidia ilitolewa kwa Shetani. Gregory wa Nazianzus alilikataa wazo hilo. Jibu letu hutoka 2 Wakorintho 5:19: Mungu hakungoja kushawishiwa kwa malipo, bali mwenyewe, ndani ya Kristo, aliichukua gharama ya kutupatanisha naye. Jibu hili lina nguvu. Lakini litaaminiwa vipi na jirani anayeona foleni ya watu wenye bahasha mbele ya mhubiri?

Wala kipimo hiki kisiishie kwa wengine. Ushirika wa Kilutheri unaposita kumzika Mkristo kwa sababu kadi yake ya ahadi haikujazwa, unahubiri nini juu ya kaburi hilo? Sadaka ni shukrani ya aliyekwisha kukombolewa. Ikitangulizwa kuwa sharti, inakuwa bei, hata kama imeandikwa katika daftari safi la mhazini.

Twapendekeza, basi, kwa wanafunzi watakaotumwa Mtwara na kwingineko, kanuni ndogo ya mimbarani. Kila mnapotamka neno "kukomboa", tajeni mambo matatu: nani amelipa, kwa nini, na lini. Mama yule mwenye mtoto mgonjwa akiyasikia hayo, mwombeeni papo hapo, kisha mwacheni aende na fedha zake akamnunulie mtoto dawa.