Kina si Ugumu: Uhakiki wa Kanuni za Michezo ya Uhusika

I

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, laonekana kuwa mbali na shughuli za idara ya lugha: kanuni za michezo ya mezani ambamo wachezaji hushika nafasi za wahusika na kusimulia kwa pamoja kisa ambacho hakijaandikwa na mtu. Michezo hiyo ilizaliwa Marekani, na vitabu vyake vingi vimeandikwa kwa Kiingereza. Hata hivyo kitabu cha kanuni za mchezo wa aina hii ni matini, tena matini ya namna ya pekee: hakisimulii hadithi, bali huzaa hadithi. Anayekisoma hukisoma ili aseme. Kwa sababu hiyo mtaalamu wa fasihi simulizi na mwanaisimu wana haki ya kukikagua, sawa na wanavyokagua arudhi ya shairi au sarufi ya lugha.

Yafaa kwanza tuseme neno juu ya istilahi. "Mchezo wa kuigiza" katika Kiswahili ni tamthilia, na tamthilia aghalabu ina maandishi na watazamaji. Hapa hamna maandishi wala watazamaji. Kwa hiyo tutatumia "mchezo wa uhusika". Yule anayeeleza mandhari, kuwasemea wahusika wasio wa wachezaji na kukata shauri panapotokea utata tutamwita mwamuzi.

Swali la wanaotunga michezo hii ni la miaka mingi: kanuni ziwe nyepesi kiasi gani ili mchezo uchezeke, na ziwe nzito kiasi gani ili uwe na kina? Wengi hulijibu kana kwamba urahisi na kina ni vitanga viwili vya mizani moja, kimoja kikipanda kingine hushuka. Dai letu ni kwamba mizani hiyo imefungwa vibaya. Kinyume cha urahisi ni ugumu, wala si kina. Ugumu ni kazi ambayo kanuni humdai mchezaji: kukumbuka, kuhesabu, kupekua kurasa. Kina ni wingi wa maamuzi yenye uzito ambayo kanuni humfungulia. Kanuni yaweza kuwa ngumu na isiwe na kina. Yaweza pia kuwa rahisi na ikawa na kina kirefu. Kazi ya mhakiki ni kuuliza kina kilichopatikana kimenunuliwa kwa ugumu wa kiasi gani.

II

Historia ya michezo hii yatosha kuelezwa kwa ufupi. Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ilichapishwa mwaka 1974 ikiwa vijitabu vitatu ndani ya kisanduku. Vijitabu hivyo vilikuwa vyembamba, lakini wembamba wao haukuwa urahisi. Viliandikwa kwa ajili ya watu waliokwisha kuzoea michezo ya vita vya vinyago, na vilimdhania msomaji kuwa anacho Chainmail, kitabu cha mwaka 1971 cha Gygax na Jeff Perren, ambamo mlikuwa na kanuni za mapigano. Njia nyingine ya kupigana ilitolewa pia, lakini kwa mkato. Asiyekuwa mwenyeji wa mila hiyo alisoma na kubaki gizani.

Tangu hapo watungaji walifuata njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kupunguza. Mwaka 1975 Ken St. Andre alitoa Tunnels & Trolls, mchezo uliotumia madadu ya kawaida ya pande 6. Mwaka 1977 J. Eric Holmes, tabibu na mwalimu wa elimu ya mishipa ya fahamu, aliihariri Dungeons & Dragons kwa ajili ya wanaoanza, akaishia daraja ya tatu ya ukuaji wa mhusika. Njia ya pili ilikuwa kueleza kila kitu. Gygax mwenyewe aliifuata njia hiyo katika Advanced Dungeons & Dragons, ambayo vitabu vyake vitatu vikubwa vilitoka mwaka 1977, 1978 na 1979. Mabishano yaliyofuata hadi leo ni mwendelezo wa njia hizo mbili.

III

Ili tusibishane kwa hisia tu, tunahitaji kipimo. Tunapendekeza hiki: iondoe kanuni, kisha uulize ni maamuzi gani yamekufa pamoja nayo. Kama hakuna uamuzi uliokufa, kanuni ile ilikuwa ugumu mtupu.

Wasomaji wa jarida hili wanao mfano wa karibu wa kukijaribia kipimo hicho. Ubao wa bao una mashimo 32 katika safu nne, na kete zake ni 64. Katika bao la kujifunza kete zote hupangwa mbili mbili tangu mwanzo, na mchezo huanza mara moja. Bao la Kiswahili huanza kwa namua: kila mchezaji huwa na kete 22 mkononi, na kila zamu huingiza moja. Tena lina nyumba, shimo lenye haki zake, ambalo mwenyewe, kete zake zikiishia hapo baada ya kula, huweza kuamua kulala au kusafiri nalo. Ukiiondoa nyumba, uamuzi wa kutunza akiba au kuitumia unakufa. Ukiiondoa namua, unakufa uamuzi wa wapi pa kujijenga kabla vita havijapamba moto. Kanuni hizo zimeongeza ugumu, nao watu wa Pwani wameukubali kwa kuwa umelipwa. Alexander de Voogt aliandika tasnifu nzima juu ya umahiri wa mabingwa wa mchezo huu (Leiden, 1995), na ni shida kudhani kuwa bao la kujifunza peke yake lingestahili kazi hiyo. Hata hivyo wazee hawakulitupa bao la kujifunza. Waliliacha liwe mlango.

Sasa tukipeleke kipimo kwenye michezo ya uhusika. Kitabu cha wachezaji cha Advanced Dungeons & Dragons (1978) kina jedwali linaloongeza au kupunguza uwezekano wa kupiga kwa kulinganisha kila silaha na kila aina ya kinga anayovaa adui. Ukiliondoa jedwali hilo, uamuzi unaokufa ni mmoja, yaani kuchagua silaha ya kubeba, na uamuzi huo kwa kawaida hufanywa kabla ya safari. Hesabu yake, kinyume chake, hurudiwa kwa kila pigo. Ugumu unalipwa kila dakika, na kina kinapatikana mara moja. Rolemaster, ambayo sehemu yake ya silaha ilitoka mwaka 1980, ilikwenda mbali zaidi kwa kuipa kila silaha jedwali lake. Aliyeipenda aliupenda utajiri wa majeraha yaliyoelezwa humo, na utajiri huo si wa kubezwa. Lakini tusiuite kina, kwa kuwa ni dadu linalochagua jeraha, si mchezaji.

Hebu tuulinganishe mfano huo na Call of Cthulhu ya Sandy Petersen (1981). Kila mhusika ana alama za akili timamu. Akiona jambo la kutisha kupita maumbile, hurusha madadu ya asilimia, na alama zake huenda zikapungua. Kanuni hiyo yaelezeka kwa sentensi mbili. Lakini Petersen aliongeza sharti dogo: kiwango cha juu cha akili timamu ni 99 kutoa alama za ujuzi wa siri za kale. Maana yake ni kwamba kila kitabu cha siri ambacho mhusika anakisoma kinampa silaha ya kupambana na uovu na papo hapo kinapunguza utimamu anaoweza kuwa nao maishani. Iondoe kanuni hiyo, na uamuzi wa kusoma au kutosoma unakufa katika kila kisa. Hapa maudhui ya mchezo, yaani kwamba maarifa yana gharama, hayakuandikwa katika dibaji bali yamo ndani ya hesabu yenyewe. Mhakiki aliyezoea kutenga fani na maudhui atashindwa kuvitenga hapa.

Mfano wa tatu una sura mbili. Toleo la Dungeons & Dragons la mwaka 2000 lilikuwa na orodha ndefu ya nyongeza na makato madogo madogo. Toleo la mwaka 2014 liliziondoa nyingi kati ya hizo na kuweka kanuni moja: mwenye nafuu hurusha madadu mawili ya pande 20 na kuchukua kubwa, mwenye dhiki huchukua dogo. Anayehitaji 11 au zaidi huwa na uwezekano wa asilimia 50 kwa dadu moja. Kwa nafuu hupanda hadi asilimia 75. Hesabu imetoweka, na mkono wa mchezaji unaihisi tofauti. Lakini nafuu hazijumlishwi: sababu zikiwa moja au tano, dadu linaloongezwa ni moja. Kwa hiyo mchezaji aliyekwisha kupata nafuu hana sababu ya kutafuta nyingine, na werevu wake unaishia hapo. Urahisi huu umeua maamuzi fulani. Tunauona kuwa biashara nzuri, ila ni biashara, na hasara yake itajwe.

IV

Wako waliokwenda mbali kabisa katika kupunguza. Lasers & Feelings ya John Harper (2013) ni ukurasa mmoja. Mhusika ana tarakimu moja tu, kati ya 2 na 5. Akitenda jambo la ufundi na akili baridi, hutaka dadu lianguke chini ya tarakimu hiyo. Akitenda jambo la hisia, hutaka lianguke juu yake. Likilingana nayo, humwuliza mwamuzi swali na kupata jibu la kweli. Kwa hiyo kila aliye hodari wa mashine ni dhaifu wa hisia, na huo ni uamuzi wa kweli uliobanwa katika tarakimu moja.

Lakini mchezo wenye ukurasa mmoja wajazwa na nini kwa muda wa saa tatu? Wajazwa na yale ambayo wachezaji wameyajua kabla ya kuketi. Harper anawataja nahodha, chombo cha angani na wageni wa sayari nyingine, na wachezaji waliolelewa na Star Trek wanajaza mengine yote. Wampe ukurasa huo mtu asiyejua hadithi hizo, naye atakwama pale pale alipokwama msomaji wa vijitabu vya mwaka 1974. Tunafikia hapa jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya: uzito wa kanuni haupotei zinapofupishwa, bali huhamishwa kutoka kwenye karatasi na kutwikwa kumbukumbu ya jamii inayocheza. Kanuni fupi ni mkopo kutoka kwenye mila.

Apocalypse World ya Vincent Baker (2010) yaonyesha njia ya kati. Madadu ni mawili ya pande 6. Jumla ya 10 au zaidi ni kufaulu, 6 au pungufu ni balaa, na 7 hadi 9 ni kufaulu kwa gharama. Bila nyongeza yoyote, gharama na balaa zina uwezekano ulio sawa, 15 kwa 36 kila moja, na ushindi safi ni 6 tu kwa 36. Hesabu ni ya mtoto. Uzito umewekwa katika maneno: kila kanuni huanza kwa tendo ndani ya kisa, huita madadu, kisha hurudi kwenye kisa kwa kutoa uchaguzi. Mchezaji hawezi kuitumia kanuni pasipo kwanza kusimulia tendo linaloiamsha.

Mwanaisimu wa Kiswahili ataona hapa jambo la kumpendeza. Kanuni ya namna hiyo ni sentensi ya masharti, na lugha yetu ina zana nyingi za masharti. "Mhusika anapotenda jambo chini ya vitisho" hutaja tukio lenye wakati wake. "Mhusika akitenda" huacha mlango wazi. "Angetenda" huweka jambo katika dhana tu. Mtungaji wa Kiswahili angeweza kutofautisha, kwa kiambishi kimoja, kanuni inayoamshwa kila mara na kanuni inayongoja hiari. Kazi ambayo wengine huifanya kwa aya nzima ya ufafanuzi ingefanywa na -po- na -ki-.

V

Lipo pingamizi lisiloweza kupuuzwa. Watetezi wa vitabu vinene husema kwamba kanuni iliyoandikwa ni haki ya mnyonge. Pasipo kanuni, mwamuzi ndiye sheria, na mchezaji mwenye ulimi mrefu humshinda mpole. Pingamizi hili lina ukweli, na lazidi kuwa na ukweli kwa mujibu wa hoja yetu wenyewe: ikiwa kanuni fupi ni mkopo kutoka kwenye mila, basi asiye mwana wa mila hiyo huingia mchezoni akiwa mgeni asiyeambiwa desturi za nyumba. Jibu letu ni kwamba haki hailetwi na wingi wa kurasa. Mwenye muda wa kuvihifadhi vitabu vitatu vinene humtawala asiye na muda huo, nao pia ni unyonge. Haki huletwa na uwazi: yale yanayokopwa yatajwe, na mlango wa bao la kujifunza uachwe wazi.

Mjadala huu si mgeni kwetu. Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 aliandika yale ambayo wengi waliyajua kwa sikio, na mkopo wa mila ukawekwa hadharani hata kwa asiyezaliwa Pwani. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mzozo uliofuata ulikuwa juu ya swali hili hili: je, vina na mizani ni kina cha shairi, au ni kazi tu anayodaiwa mtunzi? Laiti pande zote mbili zingeondoa kanuni moja moja na kuuliza ni uchaguzi gani wa mshairi uliokufa nayo, mengi yaliyosemwa kwa hasira yangesemwa kwa faida.

Kutokana na hayo, anayedhamiria kutunga mchezo wa uhusika kwa Kiswahili asianze kwa kutafsiri. Akitafsiri kitabu kinene cha Marekani atatuletea ugumu wake wote. Akitafsiri kile chembamba atatuletea deni la mila ambayo wengi wetu hatunayo. Aanze kwa kuhesabu yale ambayo wachezaji wake tayari wanayo: ngano zenye viitikio, vitendawili vyenye desturi ya kuomba mji, majigambo, utani wenye mipaka inayojulikana. Juu ya msingi huo kanuni zaweza kuwa chache bila kuwa tupu. Kila atakayoiongeza baada ya hapo aipitishe kwenye kipimo, na isipofungua uamuzi wowote, aifute.