‘Rivers of Babylon’: Maneno yaliyozama mtoni

KUBADILISHA neno moja au mawili kunaweza kuugeuza wimbo mzima. Ushahidi wangu leo ni albamu ya ‘Nightflight to Venus’ ya kundi la Boney M., iliyotolewa mwaka 1978.

Kundi hili liliundwa Ujerumani Magharibi na mtayarishaji Frank Farian. Waliosimama jukwaani ni watu wa Karibiani: Liz Mitchell na Marcia Barrett wa Jamaica, Maizie Williams wa Montserrat na Bobby Farrell wa Aruba. Studioni mambo yalikuwa mengine. Sauti nzito ya kiume ambayo wengi tulidhani ni ya Farrell, kumbe ni ya Farian mwenyewe! Farrell alicheza dansi na kuchezesha midomo tu.

Kama muziki wa kuchezwa, sina ugomvi na albamu hii. Ngoma za wimbo wa kwanza zinamwagikia moja kwa moja kwenye ‘Rasputin’, na hata mzee wa goti bovu atainuka kitini.

Ugomvi wangu uko kwenye ‘Rivers of Babylon’. Wapo watu humu nchini wanaodhani huo ni wimbo wa kanisani uliotiwa midundo. Sivyo. Uliimbwa mwaka 1970 na The Melodians wa Jamaica, na watunzi ni Brent Dowe na Trevor McNaughton. Hao walichukua Zaburi ya 137, maombolezo ya Wayahudi walio utumwani, wakaongeza kipande cha Zaburi ya 19. Kisha wakapenyeza lugha ya Kirastafari: pale Zaburi inapomtaja Bwana, wao wakamtaja ‘King Alpha’, yaani Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia.

Hilo si pambo. Kwa Marastafari, Babiloni ni sitiari ya mfumo wowote unaokandamiza, uwe wa mkoloni au wa polisi. Jina la mfalme wa Ethiopia linatuambia mateka anayelia ni nani: ni Mwafrika ambaye babu zake walivushwa bahari kwa minyororo.

Katika toleo la Boney M., jina hilo limeondolewa na Bwana amerudishwa mahali pake. Mtu atauliza, ubaya uko wapi, si wamerudi kwenye Biblia? Hoja hiyo inachanganya matini mbili. Matini chanzi ya Boney M. haikuwa Zaburi, ilikuwa wimbo wa The Melodians. Waliukopa pamoja na mahadhi yake, wakamwacha nje mwenyewe. Isitoshe, majina ya Farian na mwenzake Reyam yaliongezwa kwenye orodha ya watunzi kando ya Dowe na McNaughton. Yaani aliyefuta naye akahesabiwa mtunzi!

Tusimnyime mtu haki yake, lakini. Liz Mitchell anauimba wimbo huu kwa uzito ambao midundo ya disko haikuweza kuufunika. Ulikaa kileleni mwa chati ya Uingereza kwa wiki tano, na sehemu kubwa ya sifa hiyo ni yake. Lakini mwimbaji Mjamaica anapoimba wimbo wa Jamaica uliokwisha kuondolewa Ujamaica, kuna mtu ameibiwa.

Sisi wa Kiswahili tusicheke sana. Mhariri anayefuta neno la Kimvita, la Kiamu au la Sheng kwenye hadithi, ati kwa sababu si sanifu, anafanya kazi ileile. Kabla ya kulipiga kalamu, ajiulize: neno hili lilimtambulisha nani? Akishindwa kujibu, aliache.

Na wewe msomaji, usinichukulie kwa maneno matupu. Toleo la The Melodians limo kwenye muziki wa filamu ya ‘The Harder They Come’ ya mwaka 1972. Lisikilize kwanza, kisha uweke la Boney M. Cheza, ndiyo, lakini sikiliza ni nani hayupo.