Kosa la Dakika ya Tisa

Commodore 64 ile haikufa kwa uzee. Imeuawa mbele ya kamera, dakika ya 9, na aliyeiua ndiye aliyesema anaifufua. Wadau wa kompyuta za kale video hiyo mmeshaitazama, kwa hiyo sisimulii upya. Rudini tu pale fundi anapoitoa kwenye boksi ile adapta nyeusi, nzito kama tofali, anaipangusa vumbi kwa kiganja, anajisemea ngoja tuone kama ipo hai, anachomeka na kuwasha. Mita ipo mezani, inaonekana pembeni kabisa mwa picha. Hakuigusa.

Sijui tuandike mara ngapi kuhusu adapta hizi. Zinatoa umeme wa aina mbili: volti 9 za mkondo geu na volti 5 za mkondo mnyoofu. Regyuleta ya hizo volti 5 Commodore waliizika ndani ya gundi ngumu ya resini, joto halina pa kutokea, na fundi hawezi kuifungua bila kuivunja. Ikichoka, mara nyingi haizimiki. Inapandisha volti. Ingezimika ingekuwa heri, maana mashine isingewaka na kila mtu angekwenda kulala. Fyuzi iliyomo kwenye bodi inalinda njia ya volti 9 tu. Zile 5 zinakwenda moja kwa moja kwenye prosesa, chipu ya mantiki ya PLA na chipu 8 za kumbukumbu. Chipu za namna hiyo zinataka volti 5 kamili, pungufu au zaidi kidogo tu, na ikifika 7 umeshavuka mpaka.

Kuna wanaomtetea kwamba huenda kumbukumbu ilishaharibika miaka mingi nyuma. Hapana. Skrini ya buluu ilikuja na baiti zake 38911 kama ilivyotoka kiwandani mwaka 1982. Ukiona namba hiyo ujue mashine imekagua kumbukumbu yake ya BASIC na kuikuta nzima. Ilikuwa hai! Akaandika programu yake ya mistari miwili, akatabasamu, akaanza kutueleza historia huku adapta ikizidi kupata moto. Dakika nne baadaye herufi zikageuka takataka, kisha skrini nyeusi.

Tena jambo lililofuata ndilo lililonikera zaidi, kwa sababu ushahidi wote alikuwa nao mkononi. Televisheni bado ilikuwa inapokea mawimbi ya picha, kwa hiyo VIC-II, chipu ya picha, ilikuwa inafanya kazi. Na lazima iwe hivyo, kwani chipu hiyo inapata volti 5 zake kutoka regyuleta nyingine iliyo kwenye bodi yenyewe, inayolishwa na zile volti 9. Yaani kilicholishwa na bodi kimepona, kilicholishwa na adapta kimeungua. Mwelekeo wa mshale haukuhitaji miwani. Yeye akaenda kuilaumu PLA. PLA, PLA, kila siku PLA! Kizazi hiki kimekariri kwamba skrini nyeusi maana yake PLA, basi inang'olewa kabla ya kuulizwa. Akabadilisha, skrini ikabaki nyeusi, na adapta ile ile ikiwa bado imechomekwa, inaendelea kumimina.

Kipimo chenyewe ni cha dakika moja. Plagi ina pini 7: ncha moja ya mita kwenye pini ya 5, nyingine kwenye ya 2, soma. Lakini kusoma bila mzigo hakutoshi, kwa sababu adapta mgonjwa hujifanya mzima akiwa hana kazi. Unaipa rezista ya ohmu 5, ya wati 10, inayovuta takriban ampea 1, unaiacha ipate joto nusu saa, ndipo unasoma tena. Rezista hiyo ni ya bei ya soda.

Mnaokumbuka namna kina Marc Verdiell na Ken Shirriff walivyoifufua kompyuta ya Apollo kwa ajili ya Julai 2019 mnajua kazi inavyokwenda. Ile ilikuwa imeokolewa kwenye chakavu. Wale mabwana hawakuipa umeme kwa kiherehere. Walipima moduli baada ya moduli, na moduli ya kumbukumbu ilipogoma wakaipiga eksirei mpaka wakakiona kiungo kilichokatika ndani. Siku umeme ulipoingia hapakuwa na kamari. Wa leo ana muda wa kuloweka kasha kwenye peroksidi ya hidrojeni ili plastiki irudi rangi yake (nimeshasema, na nitasema tena, umanjano haujawahi kuua kompyuta), ila sekunde 60 za mita hana.

Kazi yake ya lihamu, alipogeukia kumbukumbu na kung'oa zile chipu 8 za 4164, ilikuwa safi.

Lakini hesabu ya hasara hajaifunga. Chipu za 4164 bado zinapatikana kwenye akiba za zamani. SID 6581, ile chipu ya sauti ya Bob Yannes, hakuna anayeitengeneza tena, nayo ina mguu mmoja kwenye volti 12 za bodi na mwingine kwenye zile 5 za adapta. Sikilizeni jaribio la mwisho kwa spika za masikioni: sauti ya kwanza ipo, ya pili ipo, ya tatu kimya. Akasema safi kabisa, akafunga kasha.

Sasa ametangaza Amiga 500 kwa kipindi kijacho, na kwenye picha ya tangazo kadi ya A501 imo, na betri yake ya kuchajiwa ingali imelehemiwa pale pale. Ukuze picha uone ukijani pembeni mwake. Betri hiyo ikatwe leo, kabla ya kamera, kabla ya peroksidi. Na ile adapta ya Commodore 64 aitupe.