Ngoma na Mwenye Ngoma

Katika Kirundi na Kinyarwanda neno ingoma hubeba maana mbili: ile ngoma ipigwayo kwa vijiti, na utawala wenyewe. Wahangaza wa Ngara, ambao lugha yao ni ndugu wa Kirundi, hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Kule Burundi ngoma kuu ya mfalme iliitwa Karyenda, ikatunzwa na koo maalumu, wala haikupigwa kwa kujifurahisha tu. Wanaosema kwamba sanaa ilikuwa pambo la utawala wanakosea. Ngoma ndiyo iliyokuwa utawala.

Ufalme wa Burundi uliondolewa mwaka 1966, na uchifu wa kwetu ulikwisha futwa mwaka 1963. Ngoma haikufa, ilibadilisha mwenyewe. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Miaka mitatu baadaye amri ya Rais Nkurunziza ikawazuia wanawake kuipiga, na vikundi vikatakiwa kuomba kibali cha serikali.

Sisi upande huu wa mpaka tulipewa ngonjera. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi waeneze siasa ya Azimio la Arusha, na marehemu Mathias Mnyampala ndiye aliyeipa ngonjera umbo tulilofundishwa vyuoni: watu wanabishana kwa beti, mmoja hajui, mwingine anajua, na mwishowe asiyejua anakubali. Ukiipima kisanaa, hapo ndipo penye kasoro. Mbishi amekwisha shindwa kabla hajafungua kinywa.

Hata hivyo, katika shule za Ngara na Biharamulo niliona mara nyingi jambo ambalo watunzi hawakulikusudia: mtoto aliyepewa nafasi ya mvivu au mlevi ndiye aliyependwa. Wazazi walimshangilia, na njiani kurudi nyumbani walizirudia beti zake, si za yule mjuzi. Jukwaa lina ukaidi wake.

Baadaye mvivu naye aliondolewa. Ikabaki ngonjera ya kumkaribisha mgeni rasmi: sifa juu ya sifa, vina vya kulazimisha, mizani imevunjwa ili cheo cha mgeni kipate kuingia. (Cheo kirefu ni adui mkubwa wa mizani nane.) Lakini, ndugu msomaji, sikiliza beti mbili tatu za mwisho, pale watoto wanapotaja madawati, choo kilichotitia, kisima kilichokauka. Ghafla lugha inanyooka, kwa sababu msemaji ana jambo. Ni mahali pekee ambapo mtoto wa darasa la tano huweza kumwambia mkuu ana kwa ana kwamba hana maji, na mkuu akalazimika kupiga makofi.

Wenye mamlaka wanalijua hilo. Kenya, mwaka 1977, mchezo wa Ngaahika Ndeenda ulioigizwa na wanakijiji wa Kamiriithu ulifutiwa kibali, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Kwetu mambo hayakufika huko. Mwaka mmoja afisa mmoja aliitisha daftari la ngonjera siku mbili kabla ya ziara, akaupiga mstari ubeti wa kisima. Watoto walighani zilizobaki, wakapigiwa makofi, na wakaendelea kuchota maji bondeni, ng'ambo ya shamba la shule.