GDB, Usinitulizie Anwani

Aliyewahi kuendesha GDB kwenye Linux ya leo ya x86-64 anaijua 0x555555554000. Anzisha programu ndani ya dibaga, inapakiwa hapo. Ianzishe tena kesho, hapo hapo. Wengi wanauita utulivu. Mimi nauita uamuzi mbaya, na umedumu tangu Oktoba 2009, toleo la 7.0 lilipotoka na swichi ya disable-randomization ikiwa tayari imewashwa.

Haki ya watengenezaji wa GDB kwanza. Toleo lile lilileta kudibagi kinyumenyume na Python, na Jan Kratochvil wa Red Hat, aliyeiandika swichi yenyewe, ndiye aliyekuja kutukinga na faili za .gdbinit za watu tusiowajua kwa auto-load safe-path ya mwaka 2012. Kazi safi. Sasa turudi kwenye kosa.

Kinachofanyika mnakijua: kati ya fork na exec, GDB inaita personality, inawasha bendera ya ADDR_NO_RANDOMIZE, na kerneli inaacha kuchanganya anwani za programu hiyo. Watetezi wanasema anwani uliyoiandika asubuhi lazima ifae mchana, na watchpoint uliyoiweka kwenye anwani tupu isipotee ukianza upya. Sikatai kwamba ni raha. Ninachokataa ni mpimaji kubadili kinachopimwa kwa ajili ya raha yake, tena bila kuulizwa.

Chukueni programu ya C inayosoma mizani ya mahindi kwa kebo ya serial, mojawapo ya zile zinazoandikwa hapa Songea kwa ajili ya maghala. Ndani yake kuna int hali, ambayo haipewi thamani mizani isipojibu. Mistari michache baadaye: if (hali < 0), programu inajifunga. Kwenye staki, mahali pa hali pamebaki nusu ya chini ya anwani ya msimbo iliyoachwa na mwito uliopita. Ndani ya GDB biti zile 32 daima huanza na 0x5555. Biti ya juu kabisa ni sifuri, namba ni chanya, programu inapita salama. Nje ya GDB biti hiyo hiyo inachanganywa na kerneli, kwa hiyo takriban nusu ya nyakati namba ni hasi na programu inakufa.

Mteja wa Namtumbo anapiga simu: leo imezima, jana ilifanya kazi. Kijana wetu anaiendesha ndani ya dibaga mpaka jioni na haizimi hata mara moja. Anahitimisha kwamba ni umeme, au kebo, au mteja hajui kutumia kompyuta. Yuko sawa na fundi wa bodaboda aliyeletewa pikipiki inayozima ikipanda mlima wa Matogoro, naye akaipima imesimama juu ya stendi kubwa. Tofauti ni kwamba fundi anajua ameipandisha kwenye stendi. Kijana wetu hakuambiwa.

Hapo ndipo ninapokasirika zaidi. GDB ikiwaka inakusomea leseni ya GPL, inakukumbusha kwamba haina dhamana, inakuelekeza pa kuripoti bagi. Kwamba itakugusia mpangilio wa kumbukumbu, kimya. Mwongozo wake unakiri kwamba baadhi ya bagi hujitokeza tu kwenye anwani fulani, na kwamba yako ikitoweka ndani ya GDB huenda sababu ni swichi hii. Waliliandika tatizo, wakaandika na dawa yake, kisha wakaliacha tatizo liwe chaguo-msingi.

Wala msiniambie 2009 haikuwa leo. Ni kweli kwamba wakati ule programu nyingi zilipakiwa kwenye 0x400000 zikatulia hapo, kwa hiyo swichi iligusa staki, hipu na maktaba tu. Lakini Oktoba 2016 Ubuntu 16.10 iliifanya PIE, yaani programu inayoweza kupakiwa kwenye anwani yoyote, kuwa kawaida, na programu yenyewe nayo ikaanza kuhamahama. Siku ile uamuzi ulistahili kupitiwa upya. Haukupitiwa. LLDB nayo ina target.disable-aslr, nayo ikiwa imewashwa tangu mwanzo.

Kwenye Docker mambo ni vichekesho. Seccomp ya Docker, kichujio cha miito ya kerneli, inakataa mwito ule wa personality, GDB inalalamika kwamba imeshindwa kuzima uchanganyaji wa anwani, kisha inaendelea na kazi kama kawaida. Kwa maneno mengine, ndani ya kontena umepata dibaga ya kweli! Watu wanafanya nini? Wananakili seccomp=unconfined walikoikuta na kubomoa uzio mzima wa seccomp ili wapate kitu ambacho hawakukiomba.

Wasomaji wa safu hii mnaujua ugomvi wangu na chaguo-msingi za GDB, kuanzia lile swali la brekpointi inayosubiri maktaba, ambapo kubonyeza Enter tu ni kusema hapana. Ongezeni LINES na COLUMNS ambazo GDB huzipachika kwenye mazingira ya programu, nazo zinaisogeza staki. Na bado ukijiunga na prosesi hai kwa gdb -p, GDB inaipokea ilivyo. Dibaga moja, programu moja, na picha mbili za kumbukumbu kutegemea umeingilia mlango gani.

Wakubwa wa zamani walilijua jambo hili. Jim Gray wa Tandem aliandika mwaka 1985 kwamba makosa mengi yanayobaki kwenye mifumo iliyokwisha kupimwa ni yale yanayotoweka ukiyatazama. Mwaka mmoja baadaye Stallman akaiandika GDB kwa kuitazama dbx ya Berkeley, na katika GDB ile mtumiaji ndiye aliyekuwa bwana. Hata rr, dibaga iliyoanzia Mozilla, ambayo haina mikono safi kwa sababu inazipitisha thredi zote kwenye kori moja na hivyo kuficha bagi za mashindano, ilipoambiwa kwamba bagi hazijitokezi, mwandishi wake Robert O'Callahan hakuandika aya kwenye mwongozo. Mwaka 2016 alileta hali ya vurugu, inayovuruga ratiba ya thredi makusudi ili bagi itoke mafichoni. Hivyo ndivyo uaminifu wa dibaga unavyotafutwa.

Wakati tunawasubiri watengenezaji wa GDB, fungueni ~/.gdbinit leo na muandike mstari mmoja: set disable-randomization off. Mkihitaji anwani zilizotulia, washeni kwa mkono, mkijua mnachofanya. Na kabla ya kumwambia mteja wa Namtumbo au Tunduru kwamba kosa ni umeme wake, endesheni programu yake jinsi anavyoiendesha yeye.