"Malaika": Kidege Anayewazwa au Asiyewaza?

Wahakiki wetu wameuzoea mno wimbo wa "Malaika" hata wakaacha kuusikiliza. Kwa muda mrefu mjadala wake umekuwa juu ya umiliki: je, ni wa Fadhili William, aliyeurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 pamoja na Jambo Boys, au wa Adam Salim, aliyedai kuutunga? Hilo tuwaachie wanasheria. Mwanafunzi wa lugha ana swali lake, nalo limo katika neno moja ambalo mwimbaji humwambia kidege wake: hukuwaza.

Neno hili lasomeka kwa njia mbili. Katika ya kwanza, hu- ni kiambishi cha mazoea na -ku- ni mtendwa: kidege huwazwa siku zote. Katika ya pili, hu- ni ukanushi wa nafsi ya pili na -ku- ni alama ya wakati uliopita: kidege hakuwaza lolote. Silabi ni zile zile, lakini mpenzi ametoka kwenye kutendwa akawa mtenda, tena mtenda wa kulaumiwa.

Msemaji wa pwani huelekea usomaji wa kwanza bila kusita. Lakini tuupeleke wimbo Bungoma, au Kitale, mji wa mashamba ya walowezi ambako watu wa makabila mengi walikutana wakihitaji lugha moja ya kazi. Huko mazoea hayaelezwi sana kwa hu-. Husemwa "anakujanga", kwa kiishio ambacho Lubukusu na lugha nyingine za Kiluhya zinacho. Hu- iliyobaki hai masikioni ni ile ya ukanushi. Msikilizaji wa huko, basi, ana sababu ya kisarufi ya kusikia lawama mahali ambapo mwenzake wa Mombasa anasikia ukiwa.

Je, amekosea? Muktadha waupa nguvu usomaji wa kwanza: mwanamume amekwisha kukiri kwamba kinachomshinda ni ukosefu wa mali, na nia yake ya kuoa imefungwa ndani ya -nge-. Hana haki ya kumlaumu mtu. Isitoshe, hu- ya mazoea haibebi nafsi. Anayewaza hatajwi, na huzuni inabaki ikielea bila mwenyewe, jambo linaloafiki vizuri mwendo wa polepole wa gitaa. Hata hivyo, kwa Wabukusu, ambao mahari yao ni ng'ombe, ufukara wa kijana si sitiari hata kidogo, na swali la kama binti aliwahi kuwaza shida hiyo si la kipuuzi. Mimi nashikilia usomaji wa kwanza, lakini sikubali ule wa pili uitwe kosa la watu wa bara.

Boney M. walipoutoa wimbo huu mwaka 1981 wauchezee wasiojua Kiswahili, tofauti hiyo yote iliyeyuka, ikabaki sauti tamu. Inasikitisha kwamba darasani nasi twaufundisha hivyo hivyo.