Jedwali na fomu: kutambua kiungo kilichofungwa vizuri

Programu nyingi za ofisini zina sura moja: juu jedwali la rekodi, chini fomu yenye visanduku vya kujaza. Ukibofya mstari wa mwanachama wa SACCOS, jina lake, simu yake na akiba yake hujitokeza kwenye fomu. Ukirekebisha na kuhifadhi, jedwali nalo hubadilika. Kwa macho programu hizi zote zinafanana. Ubora umo katika kiungo kati ya mstari na visanduku, nacho unaweza kukikagua kwa kipanya na kibodi tu, bila kufungua hata faili moja ya msimbo.

Anza na kichwa cha safu. Bofya "Jina" ili jedwali lijipange kwa alfabeti, kisha chagua mstari wa katikati na usome fomu. Ikimwonyesha mtu mwingine, umekutana na kasoro mbaya kuliko zote katika kazi hii. Chanzo chake ni namba. Msanidi ameliuliza jedwali ni mstari wa ngapi uliochaguliwa, akajibiwa "wa tano", akaenda kuchukua rekodi ya tano kwenye orodha yake ya data. Lakini jedwali likishapangwa upya, wa tano kwenye kioo siye wa tano kwenye data. Java ilipoleta upangaji ndani ya JTable, jedwali la maktaba yake ya Swing, katika toleo la 6, mwaka 2006, ilileta pia convertRowIndexToModel, ambayo kazi yake ni kugeuza namba ya kwenye kioo iwe namba ya kwenye data. Qt, maktaba nyingine ya kujengea programu, nayo ina mapToSource kwa kazi hiyohiyo. Hatua hii ikirukwa, hakuna anayegundua mpaka siku mtumiaji anapopanga au kuchuja, na siku hiyo akiba ya mmoja huandikwa kwa mwenzake. Programu ya namna hiyo naikataa papo hapo, hata kama mengine yote yanapendeza.

Kazi bora zaidi haishughuliki na namba ya mstari. Hushika rekodi yenyewe, au ufunguo wake kwenye hifadhidata. Delphi, iliyotoka mwaka 1995, ilifanya hivyo kwa ustadi ambao hadi leo unastahili kusomwa: gridi na visanduku vyote huunganishwa na TDataSource moja, na nyuma yake ipo rekodi moja tu ya sasa. Ukisogea kwenye gridi, visanduku vinafuata, wala hakuna msimbo wa kunakili thamani moja moja. Pembeni mwa mstari kuna pembetatu ndogo inayoonyesha ulipo, nayo hubadilika sura unapoanza kuhariri. BindingSource ya .NET 2.0, ya mwaka 2005, imesimama juu ya wazo hilohilo.

Jaribio la pili ndilo linalotenganisha fundi na mwanafunzi. Badilisha namba ya simu, usihifadhi, kisha bofya mstari mwingine. Programu inaweza kuhifadhi yenyewe, inaweza kukuuliza, au inaweza kukuzuia usiondoke. Nayakubali yote matatu mradi ifanye vilevile kila mara. Kupoteza badiliko kimyakimya ni kosa. Kuliandika kwenye mstari mpya ni kosa kubwa zaidi, na hutokea pale uteuzi unapohama kabla kisanduku hakijakabidhi kilichoandikwa. Katika Qt, QDataWidgetMapper huanza na AutoSubmit: kisanduku kikiachwa tu, thamani imeshapelekwa. Kwa daftari la anwani hilo linatosha. Kwa fedha za watu nataka ManualSubmit, ambayo haipeleki kitu mpaka iamriwe, pamoja na vitufe vya "Hifadhi" na "Ghairi" vinavyoonekana waziwazi.

Kisha shikilia mshale wa chini kwenye kibodi. Fomu ikigugumia, huenda inaisumbua hifadhidata kwa kila mstari unaopita. Katika Swing, bofyo moja la kipanya linaweza kuleta taarifa mbili za uteuzi. Fundi makini huangalia getValueIsAdjusting na kungoja ile ya mwisho.

Futa mstari uliochaguliwa, au weka kichujio kinachouficha. Fomu lazima ijifute na visanduku vifungwe, kwa kuwa hakuna rekodi tena: JTable hurudisha -1 pasipokuwa na uteuzi, na namba hiyo imeangusha programu nyingi. Fomu inayoendelea kuonyesha rekodi iliyokwisha kufutwa inamdanganya mtumiaji. Angalia pia kama kisanduku kitupu kinabaki kitupu baada ya kuhifadhi, au kinageuka sifuri.

Ukiwa mnunuzi, fanya majaribio haya mbele ya msanidi kabla hujalipa awamu ya mwisho, ukianza na lile la kupanga jedwali. Likishindwa hilo, rudisha kazi.